Majina Kumi Nyuma ya Mlango

Mbuba, Ngara
3 Juni 2024

Baba mdogo Mihayo, shikamoo.

Ni Joyceline, binti wa marehemu Novatus mwenye kibanda umiza cha kuonyesha filamu hapa Mbuba. Najitambulisha kwa sababu sijui kama bado unatukumbuka. Tangu Desemba hujakanyaga huku na namba yako haipatikani. Nimepiga mpaka nahisi yule dada wa mtandao anayesema nijaribu tena baadaye ananionea huruma. Basi leo nimenunua bahasha, kitu ambacho sijafanya tangu nitoke sekondari. Manirakiza anayepeleka ndizi Nyakahura ataiacha kwenye genge la mama Ng'washi, na jibu lako atalichukua hapohapo.

Nina mambo mawili. La kwanza, tarehe 17 Agosti, Jumamosi ya gulio, kibanda kinatimiza miaka kumi. Ni miaka kumi tangu baba alipoweka filamu ya Kichina isiyo na tafsiri, watu wakaanza kudai warudishiwe viingilio, na wewe uliyekuja tu kuuza ndama ukasimama ukamnyang'anya maiki, ukaanza kututafsiria. Nataka uje ututafsirie siku hiyo. Tangu uache kuja tunaonyesha mpira tu. Filamu zilizotafsiriwa na wengine watu wanazo kwenye simu zao, lakini wanasema hizo zina maneno na hazina Mihayo.

La pili ni ule mlango. Kila Desemba mlikuwa mkipigisha kura ya kilichopendwa kuliko vyote mwaka ule, na baba akiandika jina kwa rangi nyuma ya mlango. Sasa yametimia majina kumi. Alikuwa akisema siku ya miaka kumi mtachagua moja lililo juu ya yote, mlionyeshe upya. Ameondoka bila kuchagua, na aliyebaki ni wewe. Niandikie unayoyapenda na sababu zake. Usinipe majina matupu.

Mwanao,
Joyceline


Nyakahura, Biharamulo
12 Juni 2024

Mwanangu Joyceline, marahaba sana.

Simu yangu ilitumbukia kwenye lambo nilipokuwa nanywesha ng'ombe. Ilipiga mbizi mara moja tu na haikuaga. Sina haraka ya kununua nyingine, maana ng'ombe hawapigi simu, na mama yako Ng'washi akinitaka ananiita kwa sauti inayofika Lusahunga.

Umeuliza niyapendayo. Kaa vizuri, aliyesimama akae, aliyekaa asogee.

Kwanza naweka *Mbwa wa Kocha*, ya mwaka 2022. Hiyo ndiyo filamu pekee niliyoitafsiri bila kosa hata moja, kwa kuwa anayezungumza sana mle ndani ni mbwa, na kubweka nakuelewa. Baba yako alinibishia. Alisema yule mbwa hakuwa anamwonya kocha, alikuwa na njaa tu. Tulilala tumenuniana.

Inafuata *Jenerali Kibiongo*, ile ya siku ya kwanza. Kichina sikukijua na sikijui mpaka leo. Nilimtazama yule jenerali anavyokunywa chai yake, nikajua huyu bwana ana shemeji anayemsumbua. Nikampa shemeji. Dakika kumi baadaye kibanda kizima kilikuwa upande wa jenerali, na waliotaka kurudishiwa viingilio walikuwa wanawanyamazisha wenzao.

Halafu *Polisi wa Treni*, ya Kihindi, mwaka 2017. Ina nyimbo saba, na baba yako hakuniruhusu kuruka hata mmoja. Mtu anacheza kwenye mvua na wasichana arobaini, utasema nini? Nikaufanya kila wimbo kuwa barua yake ya kuomba uhamisho. Kufikia wimbo wa saba, walimu waliokuwa mle ndani walikuwa wanafuta machozi.

Mwaka 2021 unakumbuka jenereta ilikufa, tukakaa kibandani kusikiliza mchezo wa redio, *Nyumba ya Tatu*. Ulikuwa wa Kiswahili fasaha, na bado watu wakadai nitafsiri. Nikatafsiri Kiswahili kwa Kiswahili. Mama mmoja wa Bugarama akasema sasa ndiyo ameelewa.

Baba yako yeye hakutoka kwenye *Binti wa Mfinyanzi*, ile sizoni ya Kikorea yenye diski zisizokwisha. Alisema kitu kizuri ni kile kinachomrudisha mtu kesho yake. Mkiiweka hiyo mtakuwa mmemheshimu.

Habari ya kuja tutaona. Kiangazi hiki malisho yako mbali, na ng'ombe hawana mchungaji mwingine.

Baba yako mdogo,
Mihayo


Mbuba
20 Juni 2024

Baba mdogo, shikamoo.

Barua yako nimemsomea Adelfina, yule anayekaanga mandazi mlangoni petu. Alicheka mpaka mandazi yakaungua, na wateja wakayala hivyohivyo kwa kuwa nao walikuwa wanacheka.

Ila nimeisoma mara tatu na kuna vitu viwili havimo.

Cha kwanza, umeiruka *Mama wa Mlimani*, ya mwaka 2016. Ile ndiyo yangu. Wewe unajua nilikuwa mtu wa namna gani mwaka ule. Mama Francisca tulikuwa tumemzika wiki tatu tu nyuma, nina miaka kumi na saba, nakaa mezani kukata tiketi kwa sababu nyumbani sikuweza kukaa. Nikaona yule binti anamngoja mama yake kijijini kwenye theluji, kila mtu anamwambia amekufa, na mwisho mama anashuka mlimani kwa nguo nyeupe na kumwambia, "Nilikuwa njiani, mwanangu. Ni njia tu ilikuwa ndefu." Sijawahi kukuambia, lakini usiku ule nililala usingizi kwa mara ya kwanza. Mama yangu nilijua harudi, sikuwa mtoto. Nilipata tu nafuu kwamba mahali fulani kuna mama amerudi.

Cha pili ni msiba wa baba. Tulizika tarehe 19 Januari. Watu walitoka Bugarama, walitoka Lukole, hata wale waliokuwa wakigombana naye juu ya viti walikuja. Mimi nilikuwa natazama barabara. Watu waliniuliza Mihayo yuko wapi nikasema yuko njiani. Hukuja, hukutuma mtu, na kwenye barua yako unamtaja baba kama mtu aliyetoka kwenda sokoni. Sikugombezi. Nimeona tu niseme, maana nikikaa nalo litaoza.

Nimempa Manirakiza simu ya zamani ya baba. Haina laini lakini inarekodi, bonyeza kitufe chekundu. Kama malisho yako mbali na huwezi kuja, basi sauti yako ije peke yake. Sema utakalo, hata dakika tano. Tutaiweka kwenye spika siku hiyo na watu watafurahi.

Joyceline


Nyakahura
2 Julai 2024

Mwanangu Joyceline,

Nimejaribu. Chombo hiki hatukuelewana, nakirudisha.

Tafuteni mtu mwingine mwenye sauti, vijana wapo wengi. Na *Mama wa Mlimani* sikuiruka kwa kusahau. Iacheni hiyo, wekeni ya baba yako.

Mihayo


Mbuba
9 Julai 2024

Mzee Mihayo,

Simu nimeipata na ulichorekodi nimekisikia. Kuna kengele za ng'ombe, kuna kuku, kuna mtu anahema karibu na simu dakika mbili nzima, halafu kikohozi, basi. Kama hukutaka ungeandika hutaki. Simu ya marehemu siyo ya kuhemea.

Na kwa kuwa leo nasema, niseme yote. Jumapili nilikuwa kwa dada wa Adelfina mwenye king'amuzi. Wakaonyesha *Mama wa Mlimani*, safari hii imetafsiriwa na watu wanaokijua Kichina. Niliwaambia wote wakae, nikawaambia hii ndiyo filamu ya maisha yangu. Mzee Mihayo, yule mama amekufa. Amekufa tangu mwanzo, amefunikwa na theluji, hakuna njia wala safari. Yule mwanamke wa mwisho mwenye nguo nyeupe ni mama mdogo wa binti, amekuja kumchukua wakaishi mjini, na hasemi neno lolote. Hafumbui hata mdomo.

Nilikaa pale nimeganda kama mjinga. Miaka minane nimebeba maneno ambayo hayapo. Sasa naelewa kwa nini uliniambia niiache. Najiuliza na mengine mangapi ulitudanganya, na kama ule urafiki wako na baba nao ulikuwa wa kutafsiri tu.

Usijisumbue kuja. Tutaonyesha mpira.

Joyceline


Nyakahura
14 Julai 2024

Joyceline mwanangu,

Hii siyo barua ya Mihayo, ni mimi Ng'washi, mke wake. Barua zako zinapitia gengeni kwangu na hii ya mwisho nimeifungua. Kuandika siyo kazi yangu, utanivumilia. Yeye hajaiona. Nimeificha kwenye gunia la dagaa.

Mihayo hana sauti.

Alikuwa na uvimbe shingoni, ule aliokuwa akiufunika na skafu mkadhani ni urembo wa msanii. Desemba ukaanza kumziba pumzi. Tarehe 17 Januari alipasuliwa, mbali, kwenye hospitali kubwa. Madaktari walituambia mapema kwamba uvimbe umeshikana na mishipa ya sauti, kuutoa wote ni lazima ila sauti inaweza kwenda. Akasema toeni. Ukatoka wote, namshukuru Mungu, na mwili ni mzima. Ila tangu siku hiyo ananong'ona tu. Ukiwa chumba cha pili humsikii.

Siku mnamzika baba yako alikuwa wodini na mpira wa kupumulia kooni. Habari alizipata mwezi wa pili. Alitoka nje akakaa na ng'ombe mpaka jioni. Hata kulia kwake siku hizi hakusikiki, nimemwona tu mabega.

Simu haikutumbukia lambo. Aliitupa yeye, kwa sababu watu walikuwa wanampigia na yeye anasema haloo na wao wanasema mtandao mbovu wanakata.

Na ile simu ya baba yako alikaa nayo zizini siku nne. Alikuwa anajaribu. Kile unachokiita kuhema ndiyo sauti yake, mwanangu. Sikiliza tena, weka sikioni, usiweke kwenye spika.

Ameniapisha nisimwambie mtu wa Mbuba. Anataka mmkumbuke vile alivyokuwa. Mimi nimechoka kuishi na mtu anayejificha.

Usije huku kwa sasa. Ukimkuta mlangoni itabidi aongee, na hatakusamehe wewe wala mimi.

Ng'washi


Mbuba
21 Julai 2024

Baba mdogo wangu Mihayo, shikamoo. Naomba uisome hii mpaka mwisho.

Mama Ng'washi ameniambia. Usimgombeze, nimemwandikia nitamtumia maharage mapya na ukimgombeza nitakuja kuyachukua.

Nimesikiliza tena ile simu, safari hii nimeiweka sikioni. Baada ya kuku kuna maneno. Nimeyasikia, ni haya: "Novatus, ndugu yangu, nimechelewa." Unayarudia mara tatu. Mara ya kwanza nilidhani ni upepo. Baba mdogo, nisamehe kwa maneno niliyokuandikia. Nilikuwa na hasira ya mtu aliyekaa miezi mitano akitazama barabara, nikaitupia mahali pasipo pake. Nimelia sana na sioni sababu ya kukuficha.

Lakini filamu ile bado inanisumbua, na hili nakuuliza kwa heshima. Ulikuwa hujui yule mama amekufa? Au ulijua?

Na nakuomba tena, uje tarehe 17. Sikuombi utafsiri, nakuomba uje tu.

Mwanao,
Joyceline


Nyakahura
30 Julai 2024

Mwanangu,

Sikumgombeza. Nilimnunia siku mbili, na siku ya tatu nikakuta sina mtu mwingine wa kunong'ona naye. Barua aliyoificha kwenye dagaa nimeisoma, inanuka mpaka leo. Hasira yako ilikuwa halali.

Nilijua.

Siku zote tulikuwa tunaipitia filamu asubuhi, mimi na baba yako, kabla watu hawajaja. Siku ile tulipofika mahali pa theluji hatukuhitaji Kichina. Wanachimba, wanatoa mkono, mkono una bangili ya yule mama. Novatus alizima deki. Akasema hii hapana, Joyceline anakaa mlangoni, haitaonyeshwa. Lakini gulio zima lilikuwa limeshatangaziwa, kava limebandikwa ukutani, na nje wanagonga. Nikamwambia niachie. Akaniuliza utafanya nini. Nikamwambia sijui, ila niachie.

Ule mkono nikasema ni wa jirani aliyeazima bangili. Nilikuwa nakuona pale mezani, umeshika kitabu cha tiketi na hukati. Kila nilipotaka kumuua yule mama, mdomo ulikataa. Nikasogea hivyo mpaka mwisho, na alipotokea yule mwanamke mwenye nguo nyeupe nikaona Mungu kanipa mlango. Kwa kuwa alikuwa hafumbui mdomo, nilipata nafasi ya kumwekea maneno yote niliyotaka. Yale maneno hayakuwa ya filamu. Nilikuwa nakuambia wewe. Baba yako alisimama nyuma ya jenereta analia, akasingizia moshi.

Kwa hiyo ukisema nilidanganya, ni kweli, na ningefanya tena. Lakini siku zote nilijua ukweli utakufikia siku moja na nitakuwa nimekuumiza mara mbili. Ndiyo maana niliiruka.

Sasa kuhusu kuja. Mwanangu, siwezi. Unajua watu wa Mbuba wananipokeaje. Nikishuka tu kwenye gari wanaanza kupiga kelele, "Mihayo, jenerali anasemaje?" Mtu mzima nitawajibu nini, niwaandikie kwenye daftari? Nilikuwa sauti tu kwa watu wale. Wengi hawaijui hata sura yangu, maana taa zilikuwa zimezimwa. Nikiingia bila sauti nitakuwa mgeni mwenye skafu. Niacheni nilivyo mlangoni kwenye yale majina, hapo bado nasikika.

Baba yako mdogo,
Mihayo


Mbuba
6 Agosti 2024

Baba mdogo, shikamoo.

Benchi la nyuma kabisa, upande wa jenereta, aliposimama baba akasingizia moshi. Nimeliwekea alama, hakuna atakayelikalia. Ingia taa zikishazimwa, saa tisa alasiri. Hakuna niliyemwambia chochote, na sitakutangaza. Ukitaka kuondoka kabla taa hazijawashwa, Manirakiza atakuwa na gari nje.

Nitaonyesha *Mama wa Mlimani*.

Joyceline


Mbuba
19 Agosti 2024

Mama Ng'washi, shikamoo.

Najua umebaki na ng'ombe na najua yeye hatakusimulia, atasema palikuwa pazuri basi. Nakusimulia mimi.

Watu walijaa. Siyo kama zamani, ila mabenchi yalikwisha na wengine walikaa kwenye kreti za soda. Taa zilipozimwa niliona mtu mwenye skafu anaingia na kukaa kule nyuma. Nikasahau nilichotaka kusema.

Niliweka ile diski ya zamani, sauti nimeifunga kabisa. Nikashika maiki nikasema yale maneno yake, aliyesimama akae, aliyekaa asogee. Watu wakacheka. Nikaanza kutafsiri mwenyewe kama ninavyokumbuka. Sikufika mbali. Adelfina alipaza sauti kutoka mlangoni na mwiko wake mkononi, akasema siyo hivyo, hapo mzee wa kijiji alisema anadai kuku wake. Nikampa maiki amseme huyo mzee. Mzee mmoja wa benchi la tatu akasema basi yeye anamjua muuza chumvi, alimpenda tangu zamani. Maiki ikaenda kwake. Mama, nakuambia maiki ilizunguka kibanda kizima. Kila mtu alikuwa na wake. Wanayajua maneno yote, miaka minane, mpaka kikohozi cha muuza chumvi. Penye mkono wa theluji watu kama ishirini walisema pamoja, "Ni jirani aliyeazima bangili." Hakuna aliyeuliza bangili gani.

Nilikuwa nageuka nyuma kila mara. Alikuwa amejishika mdomo kwa mikono miwili na mabega yanatikisika. Sikujua kama ni kicheko.

Tukafika mwisho. Mwanamke mwenye nguo nyeupe akaanza kushuka. Maiki ilikuwa kwa Adelfina. Nilidhani atasema yeye, maana ndiye anayependa kusema. Akaishusha maiki. Mwanamke anashuka tu, na mimi nikaona hakuna anayetaka kuyachukua yale maneno. Sikuwa nimepanga hivyo, nakuapia. Adelfina akageuka, akanyoosha maiki juu ya vichwa vya watu, akasema, "Huyu mama hatumwezi sisi. Mwenyewe yupo pale nyuma, nimemwona tangu anaingia." Ikapita mkono kwa mkono mpaka benchi la mwisho.

Aliishika, akaiweka chini, akaiokota tena. Akaiweka mdomoni karibu kabisa mpaka spika ikakwaruza. Televisheni hakuitazama. Alikuwa ananitazama mimi. Akanong'ona, na mama, kumbe maiki inasikia kunong'ona.

"Nilikuwa njiani, mwanangu. Ni njia tu ilikuwa ndefu."

Nililia mbele za watu wote na sikuona aibu. Niliposhtuka taa zilikuwa zimewashwa na hakuwa ameondoka. Watu hawakupiga kelele. Walikuja mmojammoja kumshika mkono, na kila mmoja aliinama kumsogezea sikio. Muuza chumvi, yule mzee, alimwambia, "Mihayo, hata ukinong'ona nakuelewa kuliko hawa wa kwenye simu."

Baadaye nilimpeleka kaburini kwa baba. Nilisimama mbali kidogo. Alikaa muda mrefu, midomo inacheza. Sijui walizungumza nini, lakini wakati mmoja alinyoosha mikono kama mtu anayebishana, nadhani walikuwa bado kwenye habari ya yule mbwa.

Maharage ameondoka nayo, gunia la kwanza ni lako.

Mwanao,
Joyceline


Nyakahura
25 Agosti 2024

Mwanangu Joyceline, marahaba.

Nimenunua simu. Usipige, andika tu. Lakini hili nimeona liende kwenye karatasi, kwa kuwa ulinipa kazi mwezi wa sita na sikuimaliza.

Iliyo juu ya yote ni *Mama wa Mlimani*. Baba yako atanisamehe, na nilimweleza sababu zangu pale kaburini. Ila nilivyoijua mimi na ilivyokuwa juzi siyo filamu moja. Ile ya zamani niliitafsiri peke yangu gizani na nilikuwa naogopa. Hii ya juzi sijawahi kuona kitu kizuri kama hicho, na mwaka huu hata mkipiga kura mara mia sitabadilisha. Chukua rangi, nenda nyuma ya mlango, chini ya yale kumi andika hivi: 2024, *Mama wa Mlimani*, imetafsiriwa na watu wa Mbuba.

Sasa sikiliza. Adelfina ana sauti lakini anaharakisha. Yule mzee wa chumvi ni mzuri kwa wazee tu. Wewe unasema polepole, unaacha mtu aone kwanza kabla hujamwambia, na hilo sikukufundisha. Nimepata sizoni mpya, ya Kituruki, diski kumi na mbili. Nimeitazama nusu. Kituruki sikijui, lakini yule mwenye ndevu ana siri na mama mkwe wake, naiona kwenye anavyofunga mlango.

Nakuja Jumamosi na gari la Manirakiza. Mama yako Ng'washi naye anakuja, ng'ombe tumempa jirani. Sauti iliyobaki inamtosha mtu mmoja aliye jirani. Usiniwekee tena benchi la nyuma. Weka kiti changu mezani pa maiki, na wewe ukae karibu. Nitakunong'oneza, wewe utawaambia.

Baba yako mdogo,
Mihayo